Kumtafuta Mgonjwa si Kumnyooshea Mtu Kidole

Iko dhana iliyoenea miongoni mwetu, hata kwa watu waliosoma, kwamba kupotewa na kumbukumbu ni sehemu ya uzee kama zilivyo mvi na makunyanzi. Dhana hii ina makosa mawili. Kwanza, wazee wengi hufikia umri mkubwa wakiwa na akili zao timamu. Anayesahau jina la mwanawe au njia ya kurudi nyumbani kwake ni mgonjwa, na hali yake ina jina: demensia, yaani kuharibika kwa ubongo kunakodhoofisha kumbukumbu, fikra, lugha na mwenendo hata mtu ashindwe kuendesha maisha yake ya kila siku. Pili, hali hii huwapata pia watu ambao hawajazeeka. Ikimpata mtu kabla hajatimiza miaka 65, wataalamu huiita demensia ya mapema.

Katika makala hii nakusudia kuzungumzia suala moja: namna ya kuwabaini wagonjwa wa demensia ya mapema kwa ajili ya utafiti, endapo utafiti huo utafanywa katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Naamini kwamba utafiti wa namna hiyo unahitajika. Lakini naamini vilevile kwamba orodha ya majina ya watu waliobadilika akili ni kitu cha hatari katika kijiji chochote, na Ufipa ina sababu zake za kihistoria za kuiogopa. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba jina la kwanza lisiandikwe katika daftari la mtafiti mpaka masharti manne nitakayoyataja yawe yametimizwa.

Ugonjwa wenye sura nyingi

Ni vema kukumbuka kwamba mgonjwa aliyeufanya ulimwengu wa tiba uutambue ugonjwa huu hakuwa ajuza. Alikuwa mwanamke wa miaka 51, aliyepokewa mwaka 1901 katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alimchunguza, na baada ya mgonjwa huyo kufariki mwaka 1906 aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona mabaka yasiyo ya kawaida na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha kufundishia. Kwa miaka mingi jina hilo lilitumiwa kwa wagonjwa wa umri wa makamo peke yao. Baadaye ndipo ilipodhihirika kwamba mabaka na nyuzi hizohizo zimo katika ubongo wa wazee wengi waliodhaniwa kuwa wamezeeka tu.

Kwa mgonjwa wa makamo, kusahau huenda kusiwe dalili ya kwanza. Iko aina inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo Arnold Pick wa mji wa Prague alianza kuieleza mwaka 1892. Mwenye aina hiyo huanza kwa kubadilika tabia: mtu mpole huwa mkali, mwenye haya huropoka matusi mbele ya wakwe, na mweka akiba hugawa fedha ovyo. Mwingine hupotewa na maneno, akashindwa kutaja jembe na huku amelishika mkononi. Mwingine macho yake ni mazima, lakini ubongo hauelewi kinachoonwa, hata akamimina maji kando ya kikombe. Majirani wasiojua hayo humwita mlevi, mwenda wazimu, mtu aliyerogwa au, lililo baya zaidi, mrogaji.

Jina la mji na kumbukumbu ya Kamchape

Jina la Sumbawanga lenyewe, kama lielezwavyo na wengi, lina maana ya "tupa uchawi". Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika katika jarida la Africa mwaka 1968 juu ya Kamchape, harakati za kupambana na uchawi zilizopita katika vijiji vya huko mwaka 1963 na 1964. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, harakati za aina hiyo zilizojulikana kwa jina la Mchape zilikuwa zimeenea kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, hadi nchi za jirani. Watu wa Kamchape walifika kijijini kutoka nje, wakawakusanya wanakijiji, wakawabaini waliodaiwa kuwa wachawi na kuwapa dawa.

Sasa msomaji na alinganishe. Gari linafika kutoka mjini. Wageni wanateremka na vifaa ambavyo watu hawavijui, wanamwita mwenyekiti wa kijiji, kisha wanauliza: "Ni nani hapa ambaye siku hizi amebadilika akili na tabia?" Mtafiti anajua kwamba anatafuta ugonjwa wa ubongo. Lakini mwanakijiji aliyesimuliwa na babu yake habari za Kamchape ataona tofauti gani? Swali ni lilelile, na jibu litakuwa jina la mtu. Kwa kawaida litakuwa jina la mtu asiyependwa, mjane asiye na mtetezi, au mwanamke aliyeonekana akizunguka usiku kwa sababu ubongo wake haujui tena tofauti ya usiku na mchana.

Sisemi haya kuwadhalilisha Wafipa. Ulaya iliwachoma moto maelfu ya watu kwa shutuma kama hizo, na sehemu nyingine za nchi yetu zimeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi kinyume cha utaratibu wa sheria. Lakini sheria hulinda kwa shida mahali ambapo jina limekwisha kutamkwa hadharani.

Hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya

Wapo watakaosema kwamba kipimo cha kisayansi kitaondoa tatizo hilo, kwa kuwa hakimpendelei wala kumchukia mtu. Hoja hii inafaa kujibiwa kwa hesabu, nami ningewaomba walimu waiandike ubaoni.

Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 64, watu 119 wana demensia ya mapema. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilitoka katika nchi tajiri. Hata hivyo, tuichukue namba hiyo kwa ajili ya zoezi. Katika watu 10,000 tutatarajia wagonjwa 12 hivi, na wazima 9,988. Sasa tubuni kipimo kizuri sana: katika kila wagonjwa kumi kinawatambua tisa, na katika kila wazima mia moja kinakosea kwa watano tu. Wagonjwa watakaotambuliwa ni 11 hivi. Lakini asilimia tano ya watu 9,988 ni watu 499. Jumla ya majina katika orodha yetu ni 510, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao ni 11. Kwa maneno mengine, katika kila watu 46 walioandikwa, 45 ni wazima.

Hesabu hii hailaumu kipimo. Inaeleza tabia ya namba kila unapotafuta jambo adimu katika umati mkubwa. Orodha ya kwanza ya mtafiti yeyote wa demensia ya mapema itakuwa, karibu yote, orodha ya watu wasio na demensia. Orodha hiyo ikivuja katika kijiji chenye hofu, watu 499 watabeba jina lisilo lao, na wale 11 watabeba jina la ugonjwa ambao hakuna aliyewaeleza.

Somo kutoka milima ya Antioquia

Pamoja na hatari hizo, kazi hii yaweza kufanywa kwa heshima, na mfano mashuhuri unatoka Amerika ya Kusini. Katika milima ya Antioquia, nchini Colombia, kulikuwa na koo ambazo watu wake walianza kupoteza akili wakiwa na miaka arobaini na kitu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo la bobera, yaani upumbavu, na wengine waliamini kuwa umetokana na laana au uchawi. Katika miaka ya 1980 daktari Francisco Lopera wa Chuo Kikuu cha Antioquia alianza kuzifuatilia koo hizo. Yeye na muuguzi Lucía Madrigal walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika nasaba na kuchambua vitabu vya ubatizo vya makanisa kwa miongo ya miaka. Hatimaye ilibainika kwamba chanzo ni badiliko dogo katika jini moja liitwalo presenilini 1. Mtoto wa mwenye badiliko hilo ana nafasi moja kati ya mbili ya kulirithi.

Kutokana na uaminifu uliojengwa kwa miaka mingi, mwaka 2013 ulianza utafiti wa dawa ya kinga ulioshirikisha watu 252 wa koo hizo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakuonyesha manufaa ya wazi. Lopera alifariki mwaka 2024, na dawa ya kuukomesha ugonjwa huo ilikuwa bado haijapatikana. Koo hizo zimeipa dunia elimu kubwa kuliko ilivyozipa zenyewe tiba. Hapo ndipo penye somo: mtafiti anayetafuta wagonjwa lazima ajiulize tangu mwanzo wao watapata nini endapo yeye hatapata anachokitafuta.

Masharti manne

Sharti la kwanza ni umri uthibitishwe. Neno "mapema" halina maana pasipo tarehe ya kuzaliwa, na katika vijiji vyetu wapo wengi waliozaliwa nyumbani bila cheti. Mtu aliyechakazwa na kazi na maradhi aweza kuonekana wa miaka 70 kumbe ana 55. Ufipa ina hazina mbili za kusaidia hapa. Moja ni vitabu vya ubatizo vya parokia, kwa kuwa Wamisionari wa Afrika, walioitwa White Fathers, walifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea sana uwandani. Nyingine ni kalenda ya matukio: mtu alizaliwa karibu na Uhuru wa mwaka 1961, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, au wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hazina ya kwanza itumiwe kwa idhini ya kanisa na ya mhusika mwenyewe.

Sharti la pili ni kipimo kilingane na maisha ya watu. Maswali yaliyotungwa kwa msomi wa London humfanya mkulima asiyesoma aonekane mgonjwa. Nchini mwetu hatuanzi na mikono mitupu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wachunguzi waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha demensia kwa kiasi cha asilimia 6.4. Kutokana na kazi za huko kilitungwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho hakidai kusoma wala kuandika: mtu hutaja majina ya wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hata hivyo kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya wazee, na mgonjwa wa miaka 48 ambaye kilichoharibika ni tabia yake aweza kukifaulu vizuri. Ufipani itabidi kuongeza maswali ya kazi za huko, na kuyauliza kwa Kifipa inapohitajika. Je, mama huyu aliyejua kufukia majani katika matuta ya ntumba bado anajua lini ayafumue? Je, bado anajua kupima ulezi wa pombe, au kurudisha chenji sokoni? Tena swali lisiwe "Anaweza nini?" tu, liwe "Alikuwa akiweza nini miaka mitano iliyopita?" Mtu alinganishwe na nafsi yake, wala asilinganishwe na jirani.

Sharti la tatu ni tiba itangulie utafiti. Si kila anayeonekana kuwa na demensia ana ugonjwa usiotibika. Kaswende iliyofika ubongoni hutibiwa kwa penisilini. Virusi vya UKIMWI hudhoofisha ubongo, na dawa za kuvifubaza husaidia. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa hulemaza akili, na Nyanda za Juu za Kusini zilijulikana kwa uvimbe wa tezi kabla chumvi haijatiwa madini ya joto. Upungufu wa vitamini B12, na ule wa B1 kwa mnywaji wa kupindukia, hurekebishwa ukiwahiwa. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa yaweza kukua na kuwa vifuko ubongoni, na uchunguzi uliofanywa Mbulu na Mbozi umeonyesha kwamba tatizo hilo lipo katika nchi yetu palipo na ufugaji wa nguruwe wasiofungiwa. Shinikizo la damu huleta kiharusi kikubwa, au vidogovidogo vinavyoila akili polepole. Mtafiti anayemwandika mtu "ana demensia" kabla ya kumpima hayo amemkosea mgonjwa na ameikosea sayansi. Basi fedha za vipimo hivyo, na nauli ya kumfikisha mgonjwa wa Kirando, Mtowisa au Kasanga katika hospitali yenye uwezo, ziwe katika bajeti tangu siku ya kwanza. Watu wa pande hizi wana kumbukumbu ya Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomea udaktari Malta, akahudumu Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956; hospitali iliyoko Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Kinachokumbukwa kwake ni kuwa alitibu.

Sharti la nne ni siri na ridhaa. Hapa ndipo pa kuachana kabisa na njia ya Kamchape. Asiulizwe mtu yeyote ataje jina la mwenzake, wala usiitishwe mkutano wa kuwatafuta waliobadilika. Badala yake wachunguzi wapige hodi katika kila nyumba na kumpima kila mtu wa umri uliochaguliwa: shinikizo la damu, sukari, macho, kisha kumbukumbu na fikra. Njia ya nyumba kwa nyumba inawezekana. Uchunguzi wa ugonjwa wa Parkinson wilayani Hai uliohesabu hali ya tarehe 1 Januari 2006 ulipita katika wakazi 161,071 na kupata wagonjwa 33, ambao wengi wao hawakuwa wametambuliwa na hospitali kabla ya hapo. Ikiwa kila nyumba imepigiwa hodi, kupigiwa hodi hakumtambulishi mtu. Ikiwa mtu anaitwa kliniki kwa mara ya pili, jirani atadhani ni kwa sababu ya shinikizo la damu. Na wale wazima 499 wa zoezi letu watakuwa wamepata angalau faida ya kupimwa.

Majina yatenganishwe na majibu, na mahali pa jina pawekwe namba. Ridhaa iombwe kwa mgonjwa mwenyewe maadamu anaelewa, na akiwa haelewi iombwe kwa ndugu anayemtunza. Lakini mgonjwa akikataa kwa ishara, ukatae wake uheshimiwe. Pale ambapo vinasaba vinahusika, Sheria ya Kudhibiti Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zifuatwe kwa maana yake. Kibali cha kamati za maadili kisihesabiwe kuwa ridhaa ya mtu mwenyewe. Na asilazimishwe kijana wa miaka ishirini kuelezwa kwamba amerithi ugonjwa ambao hauna dawa.

Je, ni anasa?

Pingamizi moja ni zito. Rukwa ni mkoa ambao udumavu wa watoto umekuwa miongoni mwa mikubwa nchini. Kuna malaria, kuna akina mama wanaofariki katika uzazi. Je, ni haki kutumia fedha kuwatafuta watu wachache waliopoteza akili mapema? Jibu langu ni kwamba mtu wa miaka 45 ndiye nguzo ya nyumba. Yeye ndiye anayelima, anayelipa ada na anayewatunza wazee na watoto pamoja. Nguzo hiyo ikianguka, binti huacha shule ili amlinde mama, na shamba hugeuka pori. Zaidi ya hayo, vipimo nilivyovitaja vya kaswende, UKIMWI, shinikizo la damu na sukari ni vya huduma za kawaida. Utafiti unaofuata masharti haya huiimarisha zahanati. Unaoyapuuza huchukua majina na damu, ukaondoka.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Wasomaji wa jarida hili ni walimu na wanafunzi wa sekondari, nao huaminiwa vijijini kuliko mgeni yeyote. Wito wangu kwao ni mdogo. Wafundishe kwamba ubongo ni kiungo cha mwili, huugua kama ini na figo, na kwamba ugonjwa wake waweza kuanza kwa tabia. Mwalimu wa hisabati afanye na darasa lake hesabu ya watu 10,000, kisha abadilishe namba aone kinachotokea. Mwanafunzi mwenye mzazi au jamaa anayebadilika aishauri familia yake kwenda hospitali mapema, kwa maana mficha maradhi, kilio humfichua. Na kundi lolote la watafiti likifika shuleni kuomba wanafunzi wawatajie watu "wa namna hiyo" kijijini, jibu liwe hapana, litolewe kwa adabu na bila kusitasita. Kisha waulizwe wageni hao swali moja: yule mtakayemkuta anaumwa, mtamtibu wapi na kwa fedha ya nani? Wakiwa na jibu, wakaribishwe.